Chai ya kukonda yanikata tumbo usiku kucha, na arusi ni Disemba

SWALI

Halati shikamoo. Mie ni mama wa watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili na nusu, nakaa Likoni na jioni nauza viazi karai na bhajia hapo nje kwetu. Urefu wangu ni sentimita 160 na kabla ya hii habari nilikuwa kilo 84, nilijipima duka la dawa. Sikuwa mnene zamani Halati, wakati naolewa nilikuwa 58, ni hawa watoto na hii kazi ya karai.

Sasa Disemba tuna arusi ya wifi yangu mdogo, na mimi ndo mke wa kaka mkubwa yaani lazima nionekane. Siku tulipokutana kwa mambo ya sare, wifi yangu mkubwa akanishika mkono hapa juu mbele ya watu akasema huyu wetu atalipia vitambaa vya watu wawili. Watu wakacheka na mie nikacheka, lakini nilirudi nyumbani sikula. Kesho yake nikaenda kwa fundi nikamwambia gauni langu anikatie saizi mbili chini, Disemba nitakuwa nishafika.

Ndo nikaingia grupu moja ya WhatsApp, kuna dada yuauza chai ya kukonda na vidonge, 3,500 kifurushi cha mwezi, kila siku atia picha za kabla na baada. Nishanunua mara tatu sasa, pesa ni ile ya chama na mume wangu hajui. Chai wanywa usiku ukienda kulala, kidonge kimoja asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Chupa ni nyeupe, haina maandishi hata moja, ina stika ya ua tu. Na dayati aliyotupa ni mchana kahawa chungu na maji ya ndimu, jioni mayai mawili na tango, basi.

Wiki mbili za kwanza kilo sita zilitoka! Nilijiona malkia wallahi. Sasa nimefika 73 lakini hapo nimekwama mizani haisogei, na mwili nao umeanza vituko. Tumbo lanikata usiku kucha, chooni naenda mpaka nakaa huko huko. Moyo waenda mbio hata nikiwa nimelala, mdomo mkavu, usingizi hakuna, hapa nakuandikia ni saa nane usiku. Nywele nikichana zabaki mafungu kwenye chanuo. Mwezi nao haujaja, ushapita wiki mbili na mie ni mtu wa tarehe, nameza vidonge vya mpango, nadhani ni kwa sababu nimepungua. Na juzi nikipanda kutoka feri upande wa kisiwani naenda Kongowea kuchukua viazi nikaona kiza, nikashika reli, mama mmoja akanikalisha chini akaninunulia soda.

Kuna na siri nyingine hii hata yule dada sijamwambia. Usiku nikishaepua karai najikuta nimekula vile viazi vilivyobaki, sita saba, na chatne ya ukwaju, nakula kwa haraka kama naibia mtu, halafu nalia, halafu nakunywa chai ili vitoke.

Nilimuuliza dada kuhusu tumbo akaniambia hiyo ni sumu yatoka mwilini nifurahi, na kama mizani imekwama basi ninywe vipakiti viwili badala ya kimoja. Halati niongeze au niwache? Na nikiwacha nitafanyaje mpaka Disemba? Mamangu ana sukari na presha, naogopa nisije nikaishia hivyo.

Mama Watatu, Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na lile lisilongoja: usiongeze, wacha. Chai na vidonge vyote, usiku huu, hata kama kipakiti ushakifungua. Kesho asubuhi nenda hospitali iliyo karibu nawe na ile chupa iwe mkobani. Na ukizimia kweli, au kifua kikabana, au pumzi ikawa haitoshi, au ukasikia moyo waruka mapigo, hiyo si ya kesho tena, amsha mtu mpande tuktuk saa hiyo hiyo.

Ukifika huko sema yote. Mama akisema kizunguzungu peke yake hupimwa malaria akarudi nyumbani. Wewe waambie nimekunywa chai ya kuharisha karibu miezi mitatu na vidonge visivyo na jina, nakula mayai mawili kwa siku, moyo wanienda mbio. Hapo watajua wakupime nini: presha, sukari, wingi wa damu, mapigo ya moyo kwa mashine, na chumvi za damuni hasa potasiamu, kwa sababu hiyo ndo hupotea ukiharisha sana, na ikishuka moyo hupoteza mpangilio wake.

Na kabla ya hayo yote, mimba. Naona umelipita hilo mbio mbio ati mwezi umechelewa kwa sababu umepungua. Huenda, maana mwili ukinyimwa chakula hedhi yaweza kusimama. Lakini mtu anayeharisha vikali siku nzima, kidonge cha mpango chaweza kupita bila kunyonywa vizuri, ikawa sawa na kama hukumeza, na wewe hali hiyo umeishi nayo wiki baada ya wiki. Yule dada wa chai hakukwambia hilo na sidhani yualijua. Kipimo cha mkojo duka la dawa ni bei ndogo sana, fanya asubuhi na ile mikojo ya kwanza. Mpaka ujue, mume avae mpira. Kikionyesha ndiyo, habari ya kupunguza uzito tuifunge kabisa mpaka ujifungue, na kliniki ya wajawazito uwaambie hivyo vidonge usivifiche.

Sasa hebu tuviangalie vyenyewe. Hizi chai za kukonda nyingi zina sanamaki, yale majani bibi zetu walikuwa wakiyachemsha mtu akikosa choo, na kwa kazi hiyo ni dawa, siku moja mbili basi. Ila kazi ya sanamaki iko kwenye utumbo mpana, huko chini mwisho. Chakula chote kile cha maana, mafuta, wanga, sukari, kishanyonywa juu kwenye utumbo mwembamba kabla chai haijaanza kazi. Kwa hivyo vile viazi unavyolia ili vitoke havitoki mwanangu, vishaingia mwilini, kinachotoka ni maji na chumvi na nguvu zako. Zile kilo sita za wiki mbili zilikuwa hivyo, maji mengi, na ile akiba ya sukari ya kwenye misuli na ini ambayo nayo hukaa na maji yake. Ukianza kula na kunywa kama binadamu kilo mbili tatu zitarudi ndani ya wiki, nakuambia mapema usije ukapiga kelele ukairudia chai. Si mafuta hayo.

Na sumu gani hiyo isiyokwisha miezi mitatu? Ungekuwa na sumu ya kiasi hicho tungekuwa tushakuzika. Ini na figo zako zinafanya kazi hiyo mchana na usiku bure bila kifurushi.

Vidonge ndo vinanitisha zaidi ya chai. Moyo mbio, mdomo mkavu, usingizi kukimbia, hamu ya kula kufa mchana, hizo kwangu ni dalili za dawa ya kuzuia njaa iliyofichwa. Kulikuwa na dawa moja yaitwa sibutramini, ilikuwa ikiandikwa na madaktari kabisa, lakini mwaka 2010 ikatolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba kwa watu wenye maradhi ya moyo yaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Haikupotea, mpaka leo yakutwa imechanganywa kimya kimya ndani ya vidonge na chai zinazouzwa kama mitishamba tupu. Kwamba ndiyo iliyo kwenye chupa yako mie siwezi kusema, na hakuna awezaye kwa kuitazama tu, na ubaya wenyewe ndo huo, wala daktari akiwa na chupa mkononi hana pa kusoma. Dawa isiyo na jina, haina kiwanda, haina tarehe ya kuharibika, kwako imefuata nini?

Nywele nazo: mwili ukishtuka kwa njaa hupumzisha nywele nyingi kwa pamoja, na baada ya miezi miwili mitatu ndo huanguka. Zitarudi ukila, ila taratibu, usipoteze pesa nyingine kwa mafuta ya kuotesha. Jambo jingine la kuangalia ni maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya kula, kwa sababu wanaokonda haraka hupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ukiyasikia mwambie daktari.

Haya, uzito. Sitakwambia baki hivyo hivyo u mzuri, ingawa mzuri u mzuri. Chukua kilo 84 ugawanye kwa mita 1.6 mara 1.6, wapata 32.8. Kuanzia 25 wahesabiwa umezidi, kuanzia 30 ndo unene wa kuangaliwa na daktari, na wewe una mama mwenye sukari na presha. Kwa hivyo kutaka kupungua ni haki yako na ni akili, tena ungekuwa na hamu hiyo hata kama wifi yako hana mdomo. Ninachokataa ni mwendo. Mwendo wa salama ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na mtu wa kilo 84 akipunguza nne tu mpaka nane, presha na sukari huanza kuonyesha tofauti. Nne! Si ishirini na sita za kurudi siku ya ndoa yako.

Ile siri yako ya usiku sikushangai hata kidogo. Mtu amekaa na kahawa chungu tangu alfajiri, halafu magharibi awasha jiko asimame masaa matatu mbele ya karai na harufu ya viazi, ukadhani atafanyaje? Huo si ulafi, ni njaa imekusanyika. Lakini ile ya kula kwa haraka, kulia, kisha kutafuta cha kutoa, ikijirudia hivyo mara nyingi huwa ni maradhi na yana tiba yake, kwa hivyo nalo mwambie daktari au nesi, usione haya, wao washasikia makubwa zaidi.

Dawa yake ya kwanza ni kula mchana. Nasema kula, sahani. Asubuhi mahamri mawili na mbaazi hayajamuua mtu, mbaazi zenyewe zina protini na nyuzi na zakushikilia mpaka adhuhuri, tatizo ni mahamri matano na chai tatu. Adhuhuri nusu ya sahani iwe mboga, mchicha au matembele au kachumbari, robo samaki au kunde au maharagwe, robo iliyobaki ndo wali au ugali au muhogo. Halafu saa kumi, kabla hujawasha jiko, kula tena kitu kidogo, yai na tunda, au kikombe cha maziwa lala. Ukianza kukaanga umeshiba hutajua karai lina harufu. Na vilivyobaki usiku panga kabisa vyaenda wapi, jirani au watoto wa madrasa, visilale kwako.

Mafuta hayo ndo penyewe sasa. Kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, na kiazi karai na ule unga wake wanywa mafuta usiyoyaona, viazi saba si viazi saba tena, ni chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja. Nyumbani pika mchuzi kwa kijiko kimoja viwili vya kupima, usimimine kutoka dumuni. Nazi sikunyimi, sisi bila nazi tutakuwa watu gani, ila mchicha na mbaazi za kila siku ziende na tui la pili lile jepesi, tui zito liwekee Ijumaa na wali wako. Samaki mchome au mpake badala ya kumzamisha. Chai hesabu sukari: Shirika la Afya Duniani lasema sukari ya kuongeza ikae chini ya gramu 50 kwa siku na ikiwezekana 25, yaani kama vijiko sita vidogo, na wengi wetu vikombe vitatu vya chai vishapita hapo kabla hatujagusa kaimati. Soda ya mililita 300 peke yake ni kama gramu 30. Ile ya feri ilikusaidia, sina neno nayo.

Kutembea tembea, lakini si leo na kizunguzungu hicho. Ukishapata nguvu anza dakika kumi, ufike nusu saa siku tano za wiki, kwa mwendo ambao waweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ile njia ya mpaka feri, badala ya kupanda tuktuk, ndo pa kuanzia.

Na usishangae mtu akija na sindano ya kukonda. Sindano hizo zipo kweli, semaglutaidi na ndugu zake, ni dawa za daktari kwa watu maalumu na ufuatiliaji wake, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwamba za bandia zimeingia sokoni nchi kadhaa. Ya kwenye grupu usiiguse.

Fundi mpigie kesho ukitoka hospitali umwambie akate saizi uliyonayo na aache akiba ya kutosha kwenye mishono ya ubavuni, wao wenyewe huijua kazi hiyo, kitambaa cha arusi hupunguzwa siku ya mwisho kwa nusu saa lakini kilichokatwa kidogo hakiongezeki. Wifi yako akianza tena mwambie mbele ya watu wale wale, bila ukali, "wifi, mwili wangu tuuache, tuongee mambo ya bibi arusi", kisha umpe sahani. Mara nyingi yatosha. Isipotosha kaka yake, yaani mumeo, yupo, na yeye ndo ataisema.

Na mume lazima ajue. Si kwa ajili ya pesa, pesa mtagombana mtapatana. Ni kwamba ukianguka usiku yeye ndo atakayekupeleka hospitali na ataulizwa umemeza nini. Mwambie na habari ya kipimo.

Chama nacho utarudisha kidogo kidogo kutoka karai, na najua wazo linalokujia hapo, kwamba kifurushi cha tatu kimebaki nusu na kuna mwenzako kwenye grupu atakitaka kwa 1,500. Usimuuzie. Usikitupe pia mpaka daktari akione, na ukitaka kumripoti muuzaji, Bodi ya Famasia na Sumu ndo yenye kazi hiyo hapa Kenya, chupa na ile stika ya ua ni ushahidi. Kisha toka kwenye grupu, na kabla hujatoka andika pale lililokupata, na la vidonge vya mpango uliandike waziwazi, kwa sababu mle ndani hauko peke yako unayengoja mwezi.